Barua Tatu za Mwalimu wa Zamu

Waliohusika na kifo cha Haika, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyechukuliwa na maji mchana kweupe katika korongo lililo chini ya shule yake, ni watu wawili. Wa kwanza ni aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi katika ofisi ya wilaya niliyoitumikia, ambaye aliletewa barua tatu kuhusu daraja la korongo hilo na hakuitolea uamuzi hata moja. Wa pili ni mimi, niliyekuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi hiyo. Nilizipokea barua hizo, nikazigonga muhuri, nikaziweka jaladani. Baadaye, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika katika jalada hilohilo maneno yaliyomtwika mtu mwingine lawama. Mtu huyo hakuhusika. Ndiye ninayemwandika hapa.

Majina kamili ya wahusika nimeyaweka katika barua rasmi niliyokwisha kuiwasilisha panapostahili. Katika maandishi haya vyeo vinatosha. Yeye nitamwita kama walivyomwita wanafunzi, wazazi, na hata padri aliposimama altareni kutangaza msomaji wa somo la pili: Mwalimu wa Zamu.

Jina hilo lilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Kila mwalimu ana wiki yake ya zamu, lakini yeye alishika na za wenzake. Aliyefiwa alimwachia, aliyeugua alimwachia, na aliyechoka tu alijua pa kwenda kulalamika. Binti yangu, aliyesoma hapo, aliniambia kwamba katika miaka yake minne alimwona mwalimu mwingine akipiga kengele mara chache mno kiasi kwamba siku hiyo wanafunzi walidhani ni kengele ya moto.

Alikuwa mama mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa buti za mpira za kijani tangu masika yanaanza mpaka matope ya mwisho yakauke. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu vichwa. Aliwahesabu wanafunzi mstarini, akawahesabu darasani, akawahesabu wakitoka. Aliwahesabu hata waumini. Jumapili moja nilikaa nyuma yake kanisani Kilema, nikamwona kidole chake cha shahada kikigonga gonga juu ya goti wakati wa mahubiri. Tulipotoka nilimtania.

"Mwalimu, leo tulikuwa wangapi?"

"Ukimwondoa mzee mmoja aliyekuwa anakoroma," alisema, akinitazama moja kwa moja, "tulitimia."

Aliyekuwa anakoroma ni mimi.

Sitaki msomaji adhani namchora malaika. Alikuwa mkali, na katika miaka yake ya mwanzo alichapa. Wapo watu wazima mjini Moshi, wenye ofisi na magari, ambao hadi leo wakimwona sokoni huficha mikono nyuma. Hakuwa na subira na wazazi wanaochelewa kuchukua ripoti. Mama mmoja aliyemjia akilia kwamba mtoto wake ameonewa aliambiwa akae chini, apewe chai, amalize kulia, kisha aonyeshwe daftari la mtoto, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akaanza kulia upya kwa sababu nyingine. Lakini fimbo aliiacha siku moja na hakuishika tena. Ni siku ya korongo, nitakayoieleza.

Jambo jingine lililojulikana na wote ni barua zake. Wengine huja ofisini kusema shida zao kwa mdomo, wakapewa ahadi kwa mdomo, wakaondoka. Yeye aliandika. Alitumia karatasi yenye mistari, akaweka karatasi ya kaboni chini yake, na mwandiko wake ulikuwa wa duara, wa kufundishia darasa la kwanza. Alishuka nazo mwenyewe mpaka mjini. Alisimama mbele ya dirisha la masjala, akaziweka nakala mbili kaunta, akasema maneno yaleyale kila mara:

"Shikamoo. Gonga na yangu."

Maana yake nimgongee muhuri wa kupokelewa katika nakala yake pia. Makarani wenzangu walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, kwani sisi wezi?" Naye akajibu, "Hapana. Nyinyi ni wasahaulifu."

Katika miezi kumi alileta barua tatu kuhusu daraja. Nazikumbuka maana ilikuwa kazi yangu kuzisoma ili nijue jalada lake. Ya kwanza ilieleza kwamba daraja la watembea kwa miguu korongoni lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa mbao, na gogo la upande wa juu lilikuwa limeoza kwa ndani. Alilichoma kwa kisu na kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Ya pili ilikumbusha ya kwanza, ikaongeza kwamba reli ya kushikia imeanguka. Ya tatu ilikuwa fupi. Iliomba kwamba, kama kujenga haiwezekani kabla ya masika, basi ofisi itoe amri ya kulifunga daraja, ili watoto wa ng'ambo wazungukie barabarani bila wazazi kulalamika. Hilo halikuhitaji saruji wala fundi. Lilihitaji sahihi.

Barua zote tatu nilizipeleka mezani kwa mkuu wa idara. Zote zilirudi masjala zikiwa na maneno mawili pembeni: weka jaladani. Niliweka. Nilijua maana ya maneno hayo, na nilijua pia kwamba kanuni ziliniruhusu kuandika dokezo la kukumbusha. Sikuandika. Nililiona jambo hilo kuwa juu ya cheo changu.

Masika yalipofika, ilinyesha juu mlimani tangu alfajiri. Saa nane mchana mkuu wa shule aliamuru wanafunzi waruhusiwe mapema. Amri ya kulifunga daraja haikuwa imetolewa, kwa hiyo wa ng'ambo walipita njia yao ya kila siku, nayo ni daraja. Mwalimu wa Zamu alishuka nao. Alivuka yeye kwanza, akasimama upande wa pili na buti zake, akawaita mmoja mmoja kwa jina, akimpokea kila mmoja kwa mkono na kumsukuma nyuma yake. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinahesabu.

Walibaki wawili, marafiki waliokaa dawati moja, Haika na Prisila. Haika alikwisha kufika karibu na mwisho. Prisila alikuwa katikati, akanasa. Kisigino cha kiatu kiliingia kati ya mbao mbili. Haika aligeuka kumsaidia. Gogo la upande wa juu, lile la kisu, likakatika. Mwalimu alijirusha kifudifudi, akapata mkanda wa mkoba mmoja. Ulikuwa wa Prisila. Alimvuta akamtoa. Haika walimpata jioni huko chini, karibu na mashine ya kukoboa kahawa.

Huo ndio ukweli wa siku ile, kama ulivyoelezwa na wanafunzi waliokuwa wamesimama ng'ambo wakitazama. Maelezo yao niliyaandika mimi. Hayajawahi kusomwa na mtu.

Sasa nifike kwenye jani. Kwa msomaji wa mbali na mlima nieleze kwa kifupi. Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Mtu aliyekosa, akitaka kuomba radhi kwa jambo zito, hubeba jani la isale kwa mikono miwili akalipeleka kwa aliyemkosea. Anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Na likishapokewa, jambo limekwisha: aliyelipeleka haruhusiwi kujitetea, na aliyelipokea haruhusiwi kulirudia. Ni mila inayoheshimika, nami sina neno baya juu yake.

Siku ya tatu baada ya Haika kuzikwa kihambani kwao, ofisi yetu ilikwenda kutoa rambirambi. Tulikuwa mkuu wa idara, dereva, na mimi niliyebeba daftari. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai. Mwalimu wa Zamu aliingia akitembea polepole, mikono mbele, jani juu ya viganja. Maongezi yalikoma. Baba yake Haika, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi, alisimama.

"Nani analileta hili?"

"Ni mimi, baba."

"Kwa kosa gani?"

"Mtoto wako alikuwa mkononi mwangu. Sikumrudisha."

Mama Haika alikuwa ameficha uso kwenye kanga. Kisha mzee akanyoosha mikono, akalipokea.

Mkuu wa idara aliinama sikioni mwangu. "Umesikia?" alisema. "Andika."

Tuliporudi ofisini alinisomea maneno, nami nikayaandika katika jalada, chini ya barua tatu: Mwalimu wa zamu amekiri uzembe na kuomba radhi kwa mila. Familia imepokea. Suala limehitimishwa.

Neno uzembe halikutoka kinywani mwake. Mimi ni mzaliwa wa mlima huu. Nilijua kwamba mtu anaweza kubeba isale kwa sababu ya uchungu, kwa sababu hakuna mwingine aliyesimama kulibeba. Dereva wetu, ambaye hakuwa mtu wa huku, aliniuliza garini, "Sasa huyu mama kosa lake ni lipi hasa?" Mkuu wa idara akamjibu kwa niaba yangu: "Mila zao. Mwenyewe amekubali." Sikusahihisha. Kwa dokezo hilo, Mwalimu wa Zamu alistaafishwa kwa manufaa ya umma, na mkuu wa idara akahamishiwa kituo kikubwa zaidi.

Watu walitarajia apige kelele. Alikuwa na nakala zake tatu zenye muhuri wangu. Angeweza kuzipeleka popote. Chama cha walimu kilimtuma mtu akamwuliza kama ana chochote cha kujitetea. Alimpa ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando, akamwuliza habari za familia, akamsindikiza hadi barabarani. Walimwona mjinga. Wengine walisema, kama hasemi, basi ni kweli. Mama Haika peke yake aliendelea kumpelekea mkungu wa ndizi kila mwisho wa mwezi, akiuacha mlangoni bila kugonga.

Aliyebaki hai alikuwa na hali mbaya kuliko wote. Prisila aliacha shule. Aliacha kuzungumza, isipokuwa ndiyo na hapana. Hakuweza kuvuka maji ya aina yoyote, na kwetu huku hilo ni kama kusema hawezi kutembea, kwa maana mlima wote umekatwa na mifongo, mifereji ya wazee wetu inayoleta maji vihambani. Akitoka nyumbani kwao, hatua thelathini, mfongo. Aliishi ndani ya kipande cha ardhi kilichozungukwa na maji yasiyofika vifundoni. Vijana wenye roho ndogo walimpachika jina, Kisiwa. Mama yake alimpeleka hospitali mjini, akapewa dawa za usingizi. Akampeleka kwenye maombi, akaangushwa chini mara mbili, akasimama vilevile alivyokuwa.

Ndipo Mwalimu wa Zamu alipokwenda. Hakuwa na shule tena, lakini saa moja asubuhi alikuwa mlangoni na buti zake. Haya nimeyapata kwa mama yake Prisila, jirani ya dada yangu, aliyekuwa akitazama kutoka jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekunywa uji?"

"Hapana."

"Kunywa. Kisha tutoke tukatazame mfongo."

"Sivuki."

"Nani kasema kuvuka? Nimesema kutazama. Au macho nayo yamegoma?"

Wiki nzima walitazama tu. Wiki ya pili Mwalimu alivuka yeye, akarudi, akavuka, akarudi, mama mzima wa miaka hamsini na ushee akiruka mfereji kama mbuzi, mpaka siku moja mtoto alicheka. Mama mtu aliniambia aliangusha kata ya kutekea maji aliposikia kicheko hicho. Wiki ya tatu Prisila alishikwa mkono na kuvuka mfongo wa hatua moja. Wakaenda kwenye wa hatua moja na nusu. Kila mfongo mwalimu aliupa somo lake: huu leo vuka ukinitajia vipeo vya pili, ule kesho vuka ukinieleza mzunguko wa damu. Hivyo ndivyo binti yule alivyosoma kidato cha tatu, akirukia maji. Walipita vihambani mwa watu, na wenye vihamba walitoka kuwashangaa. Bodaboda mmoja aliwasimamishia pikipiki pale njia inapokutana na mkondo.

"Mwalimu, pandeni niwavushe, sekunde mbili tu!"

"Wewe nilikuvusha kidato cha kwanza ukiwa unalia kwa sababu ya sehemu. Ondoa moshi wako hapa."

Ilichukua mwaka na miezi. Prisila alirudi shule nyingine, akafaulu, akasomea dawa. Leo anaendesha duka la dawa Bomang'ombe. Anapanda basi, anavuka madaraja ya barabara kuu, anaongea na wateja. Mlima mzima ulisema amepona, na aliyemponya ni yule tuliyemfukuza kazi.

Lakini hapa kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nililitazama bila kulielewa. Mwalimu aliyemvusha mtoto mifongo yote ile, yeye mwenyewe hakuvuka korongo lile tena. Serikali ya kijiji ilikwisha kujenga daraja la zege, imara, lenye reli pande zote mbili. Kutoka kwake kwenda kanisani kwa njia ya daraja ni dakika ishirini. Yeye alizunguka kwa barabara, saa nzima na zaidi, kila Jumapili, jua na mvua, hata magoti yalipoanza kumsumbua na akashika fimbo nyingine, ya kutembelea. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Alisema, "Nahesabu. Bado hatujatimia." Sikuuliza zaidi.

Mwaka huu nilikwenda Bomang'ombe kwa shughuli zangu, nikaingia duka la Prisila kununua dawa za presha. Alinijua kama mzee wa kijijini, rafiki wa Mwalimu. Kazi niliyokuwa nikifanya hakuifahamu. Alinipimia, akanionya kuhusu chumvi. Duka lilikuwa safi, koti lake jeupe limepigwa pasi, na miguuni alikuwa na kandambili za bluu, za bafuni. Nikataka kumtania kama tunavyotaniana wazee na vijana.

"Binti yangu, duka zuri hivi, na daktari wetu amevaa kandambili?"

Hakucheka. Alifunga dawa zangu kwenye bahasha, akaandika moja kwa mbili juu yake, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei:

"Mzee, viatu vya kufunga nilishaua navyo mtu."

Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara ya Arusha mpaka mabasi mawili yakanipita. Miaka kumi na minne msichana yule alikuwa akiamini kwamba daraja lilivunjwa na kisigino chake. Hakuna aliyemwambia kuhusu gogo lililooza na kisu kilichoingia hadi mpini. Mwalimu hakumwambia, kwa sababu alikuwa amebeba isale, na kumweleza mtoto habari za barua kungekuwa kujitetea. Alimfundisha kuvuka kila maji yaliyopo mlimani. Hilo moja alikatazwa kumvusha, na lililomkataza ni jani ambalo halikuwa lake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwenda kwake. Nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba changu, nikalibeba kwa mikono miwili tangu niliposhuka kwenye gari. Watu walinipisha njiani bila kunisalimu, kama inavyotakiwa.

Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza anachambua maharage, magoti yamefunikwa kwa kanga. Prisila alikuwapo; huja kila Jumamosi kumletea dawa na kumfulia. Mwalimu aliniona, akaona nilichobeba. Alitua ungo chini. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa na mtu mzima kwenye mlima huu: aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama wanafunzi wake wa zamani wanavyofanya sokoni.

"Usilete," alisema.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Niliandika neno ambalo hukulisema."

"Najua ulichoandika. Ukiniwekea hilo mikononi nitalazimika kupokea, na nikipokea limekwisha. Ndivyo unavyotaka? Uende nyumbani ukalale usingizi?"

Prisila alikuwa ameacha kufua, ananitazama, povu likimtiririka viwikoni.

"Neno gani?" aliuliza. "Kaandika nini?"

Mwalimu alifumba macho. "Mimi sina ruhusa," alisema. "Nililibeba kwa baba yake Haika, akalipokea. Mdomo wangu umefungwa. Lakini wewe," na hapo alifungua macho akanielekeza kidevu, maana mikono ilikuwa bado mgongoni, "wewe hukubeba kitu. Miaka yote hii ulikuwa huru kusema. Nimekusubiri hapa kibarazani kwangu mpaka nimezeeka."

Nikasema. Nilisimama uani, jani mikononi, nikayasema yote kwa mpangilio: barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, maneno mawili pembeni, dokezo. Nilieleza kuhusu gogo na kisu. Prisila alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, akilielekeza kwa Mwalimu, si kwangu.

"Kwa hiyo lilikuwa limeoza kabla ya kiatu changu?"

Mwalimu alielekeza kidevu ndani. "Chini ya kitanda. Kopo la biskuti."

Prisila aliingia akatoka na kopo. Zilikuwamo karatasi tatu za mistari, za kaboni, wino umepauka kuwa zambarau, na muhuri wangu juu ya kila moja ukisomeka bila shida. Alizisoma akiwa amesimama. Ya kwanza aliisoma mara mbili. Kisha alikaa chini, pale pale kwenye matope ya maji ya kufulia, akalia kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa imemngoja tangu kidato cha pili. Mwalimu alitoa mikono nyuma ya mgongo, akamwekea mmoja kichwani. Mimi sikuguswa wala kuambiwa niketi.

Alipotulia, Mwalimu alinitazama. "Hizo chukua wewe," alisema. "Prisila atapiga nakala kwanza, nawe umwekee sahihi kwamba umezichukua. Na hilo jani ondoka nalo. Mwenye kulibeba anajulikana, na pa kulipeleka si hapa. Ni ng'ambo, kwa wazazi wa Haika."

Prisila alizipiga picha kwa simu yake, nikaweka sahihi. Prisila alinisindikiza mpaka mfongo wa kwanza, akauruka mbele yangu bila kuutazama, na kandambili zake.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia nakala tatu zenye muhuri wa kupokelewa nilizonazo, ninadai yafuatayo kwa ofisi inayohifadhi jalada hilo leo. Dokezo nililoliandika lifutwe kwa mstari mmoja, ili lisomeke kwamba liliwahi kuwapo, na pembeni iandikwe kwamba ni la uongo na mwandishi wake amekiri. Maelezo ya wanafunzi walioshuhudia yasomwe. Mwalimu wa Zamu aandikiwe barua, kwa jina lake kamili, kwamba alitahadharisha mara tatu na hakusikilizwa. Nakala ya barua hiyo apewe Prisila. Aliyekuwa mkuu wa idara, popote alipo na kwa cheo chochote alicho nacho, ajibu kwa maandishi kwa nini hakuitolea uamuzi barua ya tatu, iliyohitaji sahihi tu. Nami nichukuliwe hatua zinazostahili mtunza kumbukumbu aliyeghushi kumbukumbu. Sitaomba nafuu ya umri.

Mwisho, nadai kwamba ofisi hiyo imteue mtu wake, mwenye mamlaka ya kuisemea, aende mchana, watu wakiona, mpaka nyumbani kwa wazazi wa Haika, mikono mbele. Kama hana pa kupata isale, limejaa mpakani mwa kihamba changu. Nitamkatia mwenyewe, kisha nitatembea nyuma yake na langu.